Maboresho ya Bei Nafuu kwa Bunduki Mpya ya .22: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja wa Korosho, Lindi

Mwezi Mei mwaka jana nilikabidhiwa bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo zenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ya nusu otomatiki, mpya kabisa, ikiwa bado imepakwa grisi ya kiwandani, baada ya safari ndefu ya makaratasi iliyoanzia kwa mtendaji wa mtaa wangu hapa Lindi mjini, ikapanda kata, ikakaa wilayani kwa muda wa kutosha kunikatisha tamaa, na hatimaye ikafika polisi, ambako nilipewa leseni yenye jina langu na namba ya silaha hiyo. Nimeitumia msimu mzima wa korosho katika shamba letu la upande wa Mtama, ambako ngedere hutujia kwa makundi pindi mabibo yanapoanza kuiva. Sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa ni mlio tu, wa risasi ninazozielekeza kwenye kichuguu kikubwa kilichopo katikati ya shamba, kwa kuwa mnyama wa kuuawa ni lazima kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya iridhie. Muda uliobaki nimeutumia kulenga karatasi mbele ya kichuguu hichohicho.

Ninachokitathmini hapa ni vitu vidogo nilivyoiongezea kwa mikono yangu au kwa mikono ya mafundi wa sokoni. Bunduki yenyewe ni ya kawaida ya aina yake: mtutu wa sentimita 47, magazini ya risasi kumi, ubao wa mti laini wa Ulaya, na uzito wa kilo mbili na nusu hivi ikiwa tupu. Anayenunua silaha ya namna hii hukutana upesi na watu wanaomwambia kwamba bado haijakamilika, kwamba inahitaji darubini, miguu miwili ya kuegemea, ubao wa plastiki wenye mashimo na mapambo mengine ambayo bei yake yote kwa pamoja inaweza kuikaribia bei ya bunduki. Kwa uzoefu wangu, vitu vilivyoifaa bunduki hii zaidi vilipatikana kwa fundi cherehani, kwa fundi viatu, kwa seremala na kwa wavuvi, na vingine havikunigharimu hata senti.

Kabla sijaendelea ni lazima niweke mpaka. Kifyatulio, bolti, magazini na mtutu sikuvigusa kwa tupa wala kwa msumeno, na sishauri mtu yeyote avishike kwa nia ya kuvibadilisha. Katika silaha ya nusu otomatiki, nguvu ya risasi inayofyatuka ndiyo inayoirudisha bolti nyuma, ikalitupa ganda nje, kisha springi ikaisukuma mbele pamoja na risasi nyingine; kinachozuia risasi hiyo ya pili isifyatuke yenyewe ni kona ndogo ya chuma isiyozidi upana wa punje ya mchele. Aliyeilainisha kona hiyo kwa tupa ili kifyatulio kiwe chepesi amejitengenezea silaha inayoweza kulia kwa kuangushwa tu, na mbele ya sheria pia amejiingiza mahali pabaya. Kazi ya ndani ni ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Jambo jingine ni utaratibu wa kuikagua kabla ya kuigusa kwa kazi yoyote, hata kama ni kuifuta vumbi. Magazini hutolewa kwanza, ndipo bolti huvutwa, ndipo chumba cha risasi hutazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole kidogo. Anayeanza kwa kuvuta bolti huku magazini ikiwa mahali pake atatoa risasi moja, ataridhika kwamba amekwisha kuitoa, na bolti itakuwa imeingiza nyingine.

Sasa nianze na kutu, kwa kuwa ndiyo iliyonisumbua zaidi na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Anayeishi Lindi anajua kwamba chuma hapa hakina rafiki. Ghuba iko mlangoni, na upepo wa kusi unapovuma huleta chumvi hadi kwenye bawaba za madirisha, na bati jipya huanza kupata madoa kabla nyumba haijapigwa plasta. Siku ya kumi na mbili baada ya kuipata bunduki nilikuta alama ya kidole gumba changu, yenye mistari yake yote kama ile ya kwenye kitambulisho, imechorwa kwa kutu ya rangi ya chungwa ubavuni mwa mtutu, mahali nilipoushika nikiwa na jasho nikasahau kufuta. Niliisugua kwa kipande cha kanga kuukuu kilichochovywa mafuta, taratibu, kwa karibu saa nzima. Alama iliondoka, ila ukiitazama juani kivuli chake bado kipo. Nashukuru sikushika zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwani hizo zingeondoa kutu pamoja na ule weusi wa kiwandani unaoukinga mtutu, nami ningebaki na chuma kitupu kinachoalika kutu nyingine.

Mafuta ya kwanza niliyoyatumia yalikuwa ya nazi, kwa sababu yalikuwepo jikoni na kwa sababu wazee wetu waliyapaka karibu kila kitu. Hapa mjini yalionekana kufaa. Nilipoipeleka Mtama mwezi Julai, ambako alfajiri huwa na baridi ambayo watu wa pwani hatuizoei, bolti ilirudi mbele kwa uvivu kama mlango uliolegea, ikasimama kabla ya kufunga. Mjomba wangu, ambaye alikuwa mgambo enzi zake, aliikagua kwanza kama nilivyoeleza hapo juu, akapitisha kidole ndani ya njia ya bolti, akakinusa.

“Mjomba, hii umeipaka nini? Mbona inanukia wali wa nazi?”

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yale ya kukamuliwa nyumbani hubaki na unyevu na makapi ambayo baada ya wiki chache huchacha na kuwa gundi. Nililazimika kuitoa bolti yote na kuisafisha kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande, juu ya ungo.

Dawa niliipata kwa jirani yangu, fundi cherehani, ambaye hutumia mafuta mepesi ya chupa ndogo, yale ambayo hayagandi na hayanuki. Chupa moja ilinigharimu shilingi 2,000 na hadi leo haijaisha. Siri yake ni uchache. Tone moja katika kila upande wa njia ya bolti linatosha, na nje ya mtutu hupita kitambaa kilicholoweshwa kisha kikakamuliwa, hata mtu akigusa asione mafuta kidoleni. Ndani ya chumba cha risasi hayaingii kabisa. Yakizidi hukusanya mabaki ya baruti na nta ya risasi, na risasi za .22 zina vyote viwili kwa wingi, yakatengeneza uji mweusi unaokwamisha bolti kuliko ukavu wenyewe. Kama ningetakiwa kuchagua jambo moja tu katika yote nitakayoyataja, ningechagua chupa hii.

Kosa la pili nililolifanya katika suala hili ni la watu wa korosho, na naliandika kwa kirefu kwa sababu nadhani wapo wenzangu wengi wanaolifanya bila kujua. Kabati la chuma la kuhifadhia silaha nililiweka katika chumba cha stoo, chumba chenye mlango imara kuliko vyote nyumbani. Katika chumba hicho hicho nilipanga mifuko ya salfa ya unga, ile tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Baada ya wiki sita nilifungua kabati nikakuta boksi la risasi ambalo halikufungwa vizuri, na maganda ya shaba yaliyokuwa yanang'aa kama pete yamekuwa ya kahawia iliyokoza, mengine karibu meusi. Shaba na salfa hazikai nyumba moja, na vumbi la salfa likichanganyika na unyevunyevu wa Lindi halikipi chuma nafasi pia. Risasi zile sikuzitumia. Nilizirudisha kwa aliyeniuzia, mwenye kibali, ili aziteketeze kwa utaratibu unaotakiwa. Salfa ilihamia kwenye kibanda cha nje siku hiyo hiyo.

Ndani ya kabati sasa nimeweka vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ambavyo wauza viatu wa sokoni huvitupa. Nilipewa bure, konzi mbili. Kila baada ya mwezi mmoja hivi huzitoa chembe katika vifuko vyake, nikazikausha katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, kisha nikazirudisha katika kifuko cha kitambaa nilichokishona mwenyewe. Ule mfuko wa sponji niliouziwa pamoja na bunduki nautumia safarini tu. Bunduki ikilala ndani yake usiku mmoja wa masika, asubuhi sponji ina maji kama sifongo, na bunduki imeyakumbatia.

Kitako kilikuwa tatizo la pili kwa ukubwa. Bunduki za kiwandani hutengenezwa kwa mtu wa wastani, ambaye mimi sijawahi kukutana naye. Kipimo cha haraka ambacho mtu anaweza kujipima nyumbani, silaha ikiwa tupu, ni kukiweka kitako katika mkunjo wa kiwiko na kuona kama ncha ya kidole cha shahada inafikia kifyatulio bila kujikunja wala kunyooshwa kwa shida. Changu kilipita kwa karibu kiungo kizima. Urefu kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako ulikuwa sentimita 34; nilihitaji 36.

Hapa palikuwa na swali la sheria ambalo wengi hawalifikirii. Silaha haiachwi kwa seremala, hata kwa nusu saa, hata kama seremala huyo ni rafiki wa miaka. Niliufungua ubao kwa skrubu yake moja iliyo chini, mtutu na mtambo wote vikabaki kabatini chini ya kufuli, nikapeleka ubao peke yake. Kipande cha kuongezea nilikipata kwa mchongaji ambaye hununua mpingo kutoka Kilwa, ambako baadhi ya vijiji husimamia misitu yao na kuuza mbao kwa utaratibu. Kilikuwa ni kipande kilichobaki katika kuchonga, chenye unene wa sentimita mbili, akaniuzia kwa shilingi 8,000. Seremala alicheka nilipomweleza kwamba ni wa kutobolewa matundu mawili.

“Huu si ubao, ni jiwe lenye jina la mti,” alisema, na keekee yake ya kwanza ilivunjika kabla tundu la kwanza halijafika nusu.

Alikuwa anajua anachosema, kwani mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini huzama. Ilibidi atoboe kwa keekee nyembamba kwanza, kisha nene kidogo, akipumzika ili isipate moto, kwa maana skrubu ikilazimishwa katika mpingo bila tundu la kutosha, ama skrubu hukatika ama mti hupasuka. Alinitoza shilingi 15,000 pamoja na skrubu ndefu zaidi, na keekee iliyovunjika hakuihesabu. Matokeo yake yamenizidia matarajio. Mbali na urefu, ule uzito mdogo ulioongezeka nyuma umeifanya bunduki, ambayo zamani ilikuwa ikiinamisha mdomo, itulie mikononi. Na uzuri wake, ule weusi wa mpingo ukiwa umekutana na ubao mwekundu, ni jambo ambalo sikulilipia lakini nalitazama kila nikifungua kabati.

Juu yake nikavalisha kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki, upana wa kiganja, ambacho fundi wa magurudumu alinikatia bure katika mpira uliokwisha kujaa viraka. Risasi ya .22 haina teke la kumuumiza mtu bega, hivyo mpira huu haukuwekwa kwa ajili ya kupunguza maumivu. Kazi yake ni kuzuia kitako kisiteleze juu ya shati lenye jasho. Katika hilo unafanya kazi vizuri sana. Una kasoro mbili. Huacha alama nyeusi kwenye nguo nyeupe, na mke wangu amekwisha kutoa tamko kuhusu hilo. Pia hufungia unyevu, kwa hiyo ni lazima uvuliwe kila wiki na ubao ufutwe.

Kwa ubao wenyewe nilitumia nta ya nyuki kutoka Liwale, kipande cha shilingi 5,000, nikaipasha moto kidogo na kuisugua kwa kitambaa hadi mkono uchoke. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga, matone yalisimama juu ya ubao kama juu ya jani la mgomba. Kabla ya hapo, naona aibu kulisema, nilikuwa nimejaribu mafuta ya ganda la korosho kwa ushauri wa mkulima mwenzangu aliyesikia kwamba huzuia mchwa. Inawezekana mchwa wanayaogopa. Mimi pia sasa nayaogopa. Yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono bila kujipaka majivu anajua yanavyofanya ngozi, na glavu yangu ilikuwa na tundu. Malengelenge kati ya vidole yalikaa wiki mbili, na ubao unaogusana na shavu si mahali pa kuacha kitu cha namna hiyo. Niliuparuza wote na kuanza upya.

Kuhusu mkanda nitakuwa mfupi kuliko hasira yangu. Niliagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam mkanda wa nailoni uliosifiwa kuwa ni wa kijeshi, kwa shilingi 35,000. Siku ya tatu, nikiwa natembea kuelekea shambani, ndoano ya mbele ilifunguka kama pini ya nepi na bunduki ikaanguka juu ya changarawe. Ilikuwa tupu, namshukuru Mungu, na magazini ilikuwa mfukoni. Chuma cha ndoano kilikuwa bati lililopakwa rangi. Duka halikukubali kuurudisha, kwa hoja kwamba umekwisha kutumika, hoja ambayo nimeitafakari sana bila kuielewa.

Fundi viatu wa soko letu, mzee ninayempelekea kandambili za watoto, aliniuliza maswali mengi kuliko lile duka lote.

“Shikamoo, mzee. Nataka mkanda wa kubebea kitu cha kilo tatu.”

“Marahaba, mwanangu. Kitu hicho kinalala begani au kinaning'inia? Na mvua kinaikuta au hakiikuti?”

Alikata ngozi ya ng'ombe ya upana wa sentimita tatu na urefu wa sentimita 120, akaishona kwa uzi aliouvuta juu ya nta mara mbili, akatumia bizimu mbili za shaba zilizotoka kwenye mkoba wa zamani wa shule, ambazo mimi mwenyewe nilijaribu kuzikunja kwa koleo zikakataa. Shilingi 20,000. Umekwisha kupata mvua mara tano, umerefuka kiasi cha tundu moja, na hilo nalo alikuwa ameniambia litatokea. Siutii mafuta ya gari, nautia nta ileile ya Liwale.

Vilengeo ndiyo sehemu ambayo sikulipa chochote na nikapata faida inayoonekana kwenye karatasi. Kilengeo cha mbele cha bunduki yangu kilikuwa kinang'aa. Jua la saa mbili asubuhi likikipiga upande mmoja, jicho huona upande ule tu, na risasi huhamia upande wa pili. Dawa yake ni masizi ya kibatari. Kilengeo hufutwa mafuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, kitambaa hicho kikapelekwa mbali kabisa na moto, kisha kilengeo hupitishwa juu ya ncha ya moshi wa kibatari kwa sekunde chache hadi kishike weusi uliokufa, usio na mwanga wowote. Bila shaka haidumu. Kidole kimoja tu kikipita juu yake kazi imeharibika, kwa hiyo hurudiwa kila asubuhi ya kulenga shabaha, nami nimekuja kuipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kusokota sigara. Jioni, mwanga unapopungua chini ya mikorosho, hufuta masizi na kuweka nukta moja ya rangi nyeupe ya kucha. Rangi hiyohiyo ya kucha, ikidondoshwa juu ya vichwa vya skrubu za ubao baada ya kukazwa, huzizuia zisilegee kwa mitikisiko, na ikipasuka mtu huona mara moja kwamba skrubu imegeuka.

Darubini nilijaribu moja tu, ya bei ya chini, niliyoazimwa. Ilikuwa na alama nyingi na vioo vyenye ukungu, na baada ya kila risasi ishirini hivi sehemu ya kulengea ilikuwa imehama. Niliirudisha. Kwa umbali wa mita 50, ambao ndio umbali wa matumizi yangu, macho yangu ya miaka arobaini na sita bado yanatosha.

Jambo ambalo sikulitarajia kuwa ni uboreshaji ni kuchagua risasi. Risasi ya .22 ya aina ninayoitumia, iitwayo Long Rifle, ipo tangu mwaka 1887 na hutengenezwa na viwanda vingi duniani, lakini mitutu haizipendi zote kwa usawa. Nililenga karatasi kwa mita 50, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, risasi tano tano za aina tatu. Aina ya kwanza, iliyokuwa ghali kuliko zote, ilitawanyika kwa sentimita 9. Ya pili 6. Ya tatu, ambayo ni ya bei ya kati, iliacha matundu matano ambayo ningeweza kuyafunika kwa kizibo cha chupa ya asali, sentimita 4 na kidogo. Hakuna kitu kingine nilichokifanya kwa bunduki hii kilichobadilisha matokeo kwa kiasi hicho. Zipo pia zile za mwendo wa polepole na mlio mdogo; hizo katika silaha ya nusu otomatiki mara nyingi hazina nguvu ya kuirudisha bolti hadi mwisho, na nilipojaribu chache, karibu kila risasi ya tatu iliacha ganda limebanwa mlangoni. Udogo wa risasi hii usimdanganye mtu: ikikosa kizuizi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ndiyo maana nakisifu kichuguu kuliko vifaa vyote vya dukani.

Usafi wa mtutu naufanya kwa mshipi wa kuvulia. Bunduki nyingi za muundo huu hazina nafasi ya kupitisha fimbo kutokea nyuma, na fimbo ya chuma inayoingizwa kutokea mdomoni kila mara huula mdomo wa mtutu, ambao ndio unaoiaga risasi. Nilinunua kwa wavuvi mita mbili za mshipi mnene kwa shilingi 1,000, nikaukunja mara mbili ili upatikane mkunjo wa kushikia kitambaa, nikaupitisha kutokea kwenye chumba cha risasi na kuuvuta utokee mdomoni, upande ambao risasi yenyewe huelekea. Vitambaa vitatu vyenye mafuta na viwili vikavu vinatosha. Magazini huifungua mara moja kwa mwezi kutoa mchanga, kwa sababu risasi nyingi zinazokwama, lawama zake zikitupiwa bolti, zimekwamishwa na mchanga uliomo humo.

Mwisho niliongeza vikinga masikio vya shilingi 12,000 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Watu husema .22 haina mlio. Ina mlio wa kutosha kuyaharibu masikio taratibu, hasa chini ya matawi ya mikorosho yanayourudisha.

Vilivyofaa vimenigharimu shilingi 63,000 kwa jumla, na 35,000 nyingine zilikwenda na ule mkanda wa nailoni, ambao sasa unafunga mlango wa banda la kuku. Mpira wa kitako umeanza kupasuka kwa jua, mahali unapopindia kona ya chini, na fundi wa magurudumu ameniahidi mwingine, safari hii wa bajaji, ambao anadai ni mnene zaidi. Kusi imeanza kuvuma tena, na usiku huu nitaifuta bunduki mara mbili.